Mahali pa Jiwe Lililong'olewa

Mimi ni mtu wa kinyongo. Nasema mapema ili msomaji asije akanihesabu miongoni mwa watu wema, halafu akavunjika moyo mbele ya safari. Dada zangu humsamehe mtu hata kabla hajaomba. Mimi naweza kumweka mtu kifuani miaka ishirini, nikamlisha na kumnywesha, asipungue hata ratili moja. Huyu ninayetaka kumsimulia nilianza kumweka kabla sijamwona kwa macho, maana nilirithishwa na mama yangu.

Mama alizaliwa Unguja. Alikuwa na miaka kumi na tano walipohamia Oman na babu, na babu hakuja mikono mitupu. Hapa Bawshar alikuwa na kijishamba cha mitende alichoachiwa na baba yake, na pamoja na shamba alikuwa na zamu ya maji. Bila ya zamu ya maji, shamba la huku ni udongo tu. Maji huja kutoka mlimani kwa falaj, mfereji wa kale uliochimbwa na wenyeji kwa mikono, na kila nyumba ina muda wake wa kuyaelekeza kwake. Zamu ya babu ilikuwa nusu saa ya asubuhi. Wenyewe wanaiita athar. Nusu saa, basi, lakini iliwatosha wazee wake wote waliopita.

Mgawa maji wa wakati huo alikuwa kijana wa ukoo wetu wenyewe, mtoto wa kaka yake babu. Wao hawakupata kutoka Oman. Babu alipokwenda kumwomba zamu yake, kijana alimkaribisha kwa kahawa na tende, akamwambia, "Njoo Ijumaa ijayo, ami, nitalitazama." Ijumaa ijayo babu akaenda. Akaambiwa Ijumaa ijayo. Mama ndiye aliyekuwa akimshika mkono njiani, kwa sababu macho ya babu yalikuwa yameshaanza kufifia. Walikwenda mwaka mzima. Mitende ikakauka mmoja baada ya mmoja, na babu akatafuta kazi mjini Ruwi, akawa mtunza stoo mpaka alipofariki.

Mara ya mwisho walipokwenda, yule kijana alisema mbele ya watu waliokaa barazani, "Nyinyi si watu wa hapa tena. Rudini kwenye minazi yenu." Watu wakacheka. Mama anasema maneno yangemtoka, lakini kile kicheko hakikumtoka.

Nyumbani kwetu hatukumtaja kwa jina. Tulimwita Ijumaa Ijayo. Nikichelewa kufanya kazi ya skuli, mama aliniambia, "Usinifanyie Ijumaa Ijayo hapa." Fundi wa bomba asipotokea, alikuwa Ijumaa Ijayo. Tulicheka, na mama alicheka pamoja nasi, lakini kila tulipopita Bawshar ya zamani kwa gari aligeuza uso upande wa pili mpaka tuipite.

Mimi nilikuja kusomea usanifu wa bustani na njia za mji. Ofisi yetu iko Ruwi, ghorofa ya tatu, juu ya maduka ya masanduku ya safari. Kazi zetu nyingi ni za kuchosha: maegesho ya magari, vichaka vya katikati ya barabara, viti vya chuma ambavyo wakati wa joto hakuna binadamu awezaye kuvikalia. Kisha siku moja ikaletwa kazi ya njia ya matembezi kando ya falaj ya Bawshar ya zamani, baina ya nyumba za udongo zilizobaki na majumba mapya. Njia ya kuwaenzi wenyeji walioichimba ile falaj na kuishi kwa maji yake. Mkuu wangu aliniuliza kama naitaka. Nilisema naitaka kabla hajamaliza kuuliza.

Katika mkutano wa kwanza na wazee wa mtaa nilimjua mara moja, ingawa sikuwahi kuonyeshwa hata picha yake. Alikuwa na pua ya babu. Mzee wa miaka themanini sasa, kanzu imepigwa pasi kama karatasi, bakora mkononi, na watu wote wakimpisha akae mwanzo. Mimi hakunijua. Naitwa kwa ukoo wa baba, na baba ni wa Qurayyat. Aliniuliza wa wapi, nikamwambia Qurayyat, akanisifu Kiarabu changu.

Nilimuuliza, kwa adabu zote, kuhusu watu wa mtaa ule waliokwenda Zanzibar na kurudi. Je, nao wawemo katika njia yetu?

"Wale waliondoka, binti yangu," akanijibu kwa upole kabisa. "Mahali ni pa aliyebaki."

Niliandika maneno yale kwenye daftari langu, nikayapigia mstari, kalamu ikatoboa karatasi. Kisha akanikabidhi orodha ya nyumba zenye zamu, aliyoiandika mwenyewe kwa hati nzuri, ili tuichonge kwenye ubao wa historia. Niliisoma pale pale. Babu hakuwemo.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Zamani, kabla ya watu kuvaa saa, zamu za mchana zilipimwa kwa kivuli. Kwenye uwanja mdogo karibu na falaj kulisimamishwa nguzo, na chini, kwenye sakafu ya chokaa ngumu, kulipandwa mawe kwa mstari, kila nyumba na jiwe lake. Ncha ya kivuli ikifika kwenye jiwe lako, maji ni yako mpaka kivuli kifike kwenye jiwe la jirani. Ni jambo jepesi, mtoto analielewa. Uwanja ule ulikuwa bado upo, umefunikwa na vumbi na mabati ya watu. Niliuweka katikati ya njia yangu.

Na mimi, na elimu yangu yote, nilikaribia kuharibu. Nilichora mawe mapya ya rangi ya asali, yaliyokatwa vizuri, yaliyopangwa kwa nafasi sawasawa kwa mujibu wa orodha ya mzee. Michoro ilipendeza. Lau angenyamaza na kutia saini, ningekuwa nimemzika babu yangu mara ya pili kwa mkono wangu mwenyewe.

Lakini hakunyamaza. Alipoiona michoro alipandisha sauti, akagonga meza kwa bakora. Mawe mapya ya nini? Jiwe la ukoo wake lilipandwa na babu wa babu yake! Alikwenda kwake akaandika barua kwa idara inayosimamia kazi, na nakala ikaja kwetu. Ilisema uwanja wa kivuli uachwe kama ulivyo, lisisogezwe jiwe, lisiongezwe wala kupunguzwa, na kisizibwe chochote, kwa kuwa hiyo ndiyo amana ya wenyeji. Idara ikakubali. Mkuu wangu alinuna, kwa sababu tulitakiwa tuanze upya. Mimi pia nilinuna. Nilikuwa bado sijajua zawadi niliyopewa.

Msimamizi wa mafundi wetu alikuwa Mkenya, mtu wa makini mno, wa kuimba nyimbo za kanisani taratibu huku akifanya kazi. Yeye mwenyewe ndiye aliyeusafisha ule uwanja kwa brashi za mkono, siku tatu, akipiga magoti kwenye kipande cha godoro. Siku ya tatu asubuhi akanipigia simu.

"Madam, kuja uone. Kuna kitu hapa haipendezi."

Nilipofika alinionyesha mstari wa mawe. Yalikuwa yameachana kwa nafasi karibu sawa, isipokuwa sehemu moja. Baina ya jiwe la yule mzee na jiwe la jirani yake kulikuwa na nafasi mara mbili ya nyingine zote. Na katikati ya nafasi ile kulikuwa na shimo.

"Hapa palikuwa na jiwe," alisema, akiingiza vidole shimoni. "Na haikutoka yenyewe. Mtu aliing'oa na mtaimbo. Ona vile amekwaruza hii chokaa. Sasa huyu wa kwanza maji yake inaendelea tu mpaka kwa huyu wa tatu. Wa katikati amekula hewa."

Nilichuchumaa. Alama za chuma zilikuwa pale pale, mbili upande mmoja, moja upande wa pili. Kisha watu wakaanza kuvaa saa, uwanja ukasahauliwa, mabati yakawekwa juu, na hata mng'oaji mwenyewe, nadhani, akasahau kwamba chokaa haisahau. Nilihisi kitu ambacho nitakuwa mwongo nikikiita huzuni. Ilikuwa furaha, furaha ya mtu mwenye njaa anayesikia harufu ya chakula kutoka jikoni, naye anajua ni chake.

"Tuzibe, madam?"

"Usizibe."

Mzee alikuja siku ya pili yake. Nilimwona anavyoliona lile shimo. Bakora ilisimama, macho yakatulia pale, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba hilo ni shimo la panya, walitie simenti kidogo, watoto wasije wakavunjika miguu. Nikatoa barua yake kwenye mkoba. Nilikuwa natembea nayo. Nikamsomea kwa sauti, mbele ya mafundi: kisizibwe chochote. Nikamwambia, "Sisi tunafuata maneno yako, mzee wetu." Alinitazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayetaka kujua mama yangu ni nani. Nilitabasamu.

Kutoka siku ile nilifanya kazi kwa raha niliyokuwa sijawahi kuipata. Niliichora njia yote ielekee kwenye ule uwanja. Nilipanda mikwaju upande wa magharibi ili uwe na kivuli cha kukaa jioni, na upande wa asubuhi nikauacha wazi ili jua lipige nguzo bila ya kizuizi. Mbele ya nyumba ya mzee nilimtengenezea baraza ya mawe, pana, nzuri, yenye kuutazama uwanja uso kwa uso. Alinishukuru. Alikuwa na desturi ya kunywa kahawa yake nje kila asubuhi.

Siku ya ufunguzi nilichagua mimi saa. Wiki nzima kabla yake nilikwenda pale kila asubuhi na tepu ya kupimia, nikaangalia kivuli kinaingia lini kwenye ile nafasi pana na kinatoka lini. Kinalifikia shimo saa tatu na nusu. Nikaandika kwenye kadi kwamba saa tatu na nusu kila nyumba itasimama kwenye jiwe lake kwa ajili ya picha. Mkuu wangu alisema ni wazo zuri sana. Alisema mimi najua kuwaheshimu watu.

Tatizo lilikuwa mama.

"Mimi n'ende nikafanye nini huko?" alisema. "Nimekaa na uchungu wangu salama, hausumbui mtu. Unataka kunipeleka nikaonekane?"

"Nnataka uje uone kazi yangu."

"Kazi yako nitaiona kwenye simu."

Nilimbembeleza siku mbili. Sikumwambia kuhusu shimo, nilihofu atanikataza. Mwisho akavaa buibui lake jipya, akajifukiza udi kama aendaye harusini, akaingia kwenye gari. Tulipoingia Bawshar ya zamani, kwa mazoea, aligeuza uso dirishani. Kisha akaugeuza tena mbele, kwa sababu safari hii tulikuwa hatupiti.

Nilimkalisha kwenye kiti cha nyuma, kivulini. Watu wakaja, kahawa ikapita, halwa ikapita. Saa tatu na nusu ikafika, mgeni wa heshima hajatokea. Nikasikia yuko njiani, kuna foleni. Nilitaka kulia. Ncha ya kivuli ilikuwa imeshagusa ukingo wa shimo, na kivuli hakimsubiri mtu wa serikali. Dakika kumi zikapita. Mkenya wangu, aliyevaa suti siku hiyo, alikuwa akitazama chini kisha akinitazama mimi, kisha chini.

Aliyeniokoa ni yule yule mzee. Hakuweza kuvumilia kuona watu wote wale wamekusanyika bila ya yeye kusema. Akainuka, akaziita nyumba zisimame kwenye mawe yao, akaanza kuwaeleza wageni. Jiwe hili la fulani, jiwe hili la fulani. Alikuwa hodari, lazima nikiri. Alifika kwenye jiwe lake, akasimama juu yake na wanawe na wajukuu, akasema maneno mengi. Kisha akaruka moja kwa moja kwa jirani.

Jirani naye ni mzee, mtu mnyonge wa maneno, ambaye sijui kama nilimsikia akisema chochote katika mikutano yote. Alikuwa amesimama kwenye jiwe lake na binti yake, na baina yake na ule ukoo mkubwa kulikuwa na nafasi tupu ambayo wangeweza kusimama watu watano. Kila mtu alikuwa anaiona. Kwenye picha ingekuwa kama jino lililotoka. Mzee jirani akatazama chini, akakiona kivuli kimelala shimoni.

"Hapa baina yetu palikuwa na mtu," akasema.

Ijumaa Ijayo alisema hapana, hapakuwa na mtu.

"Palikuwa na mtu," akarudia yule mnyonge, polepole, kama anajisemea mwenyewe. "Baba yangu alikuwa akipokea maji kutoka kwake, si kutoka kwenu. Zamu hii ya nani?"

Wajukuu wa Ijumaa Ijayo wakamgeukia. Hilo sikulipanga, na lilikuwa bora kuliko yote niliyoyapanga. Binti mmoja mdogo akamvuta kanzu, akauliza, "Ya nani, babu?"

Nilimwona akitafuta. Alitazama shimo, akatazama kivuli, akanitazama mimi, na mwisho akamwona mama yangu kwenye kiti cha nyuma. Miaka yote ile, lakini alimjua. Hata mimi nilijua kwamba mtu wa huruma angetazama pembeni. Sikutazama pembeni.

"Ya ami yangu," alisema. Akalitaja jina la babu, jina na ukoo wake, mbele ya mtaa mzima.

Hakucheka mtu. Mama aliinuka. Alikuja taratibu, goti lake la kushoto linamsumbua, watu wakampisha. Alifika akasimama kwenye nafasi ile, peke yake, miguu miwili pembeni mwa shimo, na ncha ya kivuli ikawa juu ya kiatu chake. Alikaa pale mpaka kivuli kikahama chenyewe kwenda kwa jirani, na mpiga picha alikuwa ameshachoka kupiga. Mgeni wa heshima alipofika, alituuliza kwa nini tunalia.

Ningeishia hapa, ningeonekana vizuri.

Wiki moja baadaye idara ilituandikia: tupeleke jina la mwenye ile zamu, jiwe jipya lipandwe penye shimo na jina lichongwe juu yake. Mzee mwenyewe ndiye aliyeomba. Alitaka, walisema, jambo liishe kwa wema. Inahitajika ramani moja ndogo na saini yangu. Ni kazi ya asubuhi moja.

Ramani nimeichora. Iko kwenye mtoto wa meza yangu, Ruwi, haina saini. Kwa sababu nimekuwa nikipita pale asubuhi kabla ya kwenda kazini, naegesha gari mbali kidogo, natazama. Watu wanakuja kutembea, familia, wageni, walimu na wanafunzi. Wanayafuata mawe mpaka wanafika kwenye ile nafasi pana na lile shimo, wanashangaa, wanainua vichwa kumtafuta wa kumuuliza. Na mbele yao, kwenye baraza niliyomjengea mimi, yuko mzee na kahawa yake. Wanamuuliza yeye. Anajibu. Kesho wanakuja wengine wanamuuliza tena. Siku moja nilimwona amegeuza kiti akatazama ukuta, na bado mwanamke mmoja alimfuata na watoto wake wawili, kwa adabu kabisa, kumuuliza. Tukipanda jiwe lenye jina, watu watalisoma na kupita zao, naye atakunywa kahawa yake kwa amani.

Mama hajui hayo. Yeye anajua kwamba jiwe linakuja. Amekwisha kuamua jina liandikwe vipi, ameniandikia kwenye kikaratasi, na kila tukikutana kwa chakula cha Ijumaa ananiuliza. Mara ya kwanza nilisema wako likizoni. Mara ya pili nilisema fundi wa kuchonga anaumwa. Ijumaa iliyopita alikuwa anapakua wali, dada zangu wanazungumza mambo yao, akaniuliza tena, bila ya hata kuinua macho.

"Jiwe la baba lini, mwanangu? Goti langu hili, nnataka kulisimamia nikiwa bado naweza."

"Ijumaa ijayo, mama," nikasema. "Insha'Allah."

Lilinitoka hivyo hivyo. Mwiko wa mama ulisimama juu ya sahani yangu, na yeye akaniangalia usoni, muda mrefu, kwenye pua, kwenye macho.

"Umefanana naye," alisema. "Sikupata kuliona mpaka leo."

Kisha akanipakulia wali.